Mashine ya Kuhesabu Damu na Wajibu wa Askari Barabarani

Mwanzoni mwa mwaka 2023 homa ya Bonde la Ufa ilithibitishwa katika wilaya ya Mbarara. Miaka saba kabla ya hapo, mwezi wa Machi 2016, ugonjwa huo huo ulikuwa umegunduliwa huko Kabale, baada ya nchi yetu kukaa tangu mwaka 1968 bila kuuthibitisha hata mara moja. Katika safari zote mbili, uhakika haukutokana na uvumi wa sokoni, wala haukutokana na macho ya mchungaji peke yake. Ulitokana na damu: damu iliyotolewa mshipani, ikatiwa katika chupa ndogo, ikasafirishwa, ikafika maabara, ikapimwa.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu damu hiyo, na hasa mashine ambazo siku hizi huihesabu na kuipima katika maabara za mifugo na za utafiti. Tunawaelekea ninyi, maafande na ndugu askari wa jeshi na polisi. Huenda mmoja wenu akauliza: askari ana nini na maabara? Jibu ni jepesi. Kati ya zizi na maabara kuna barabara, na barabarani yupo askari. Mashine iwe bora namna gani, haiwezi kusema kweli juu ya damu iliyokwisha kuharibika njiani.

Tutazame eneo la Masha katika wilaya ya Isingiro. Upande mmoja uko mji wa Mbarara, wenye hospitali ya rufaa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na vituo vya utafiti. Upande wa pili, kando ya ziwa, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza kupokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, na ambayo leo yamekusanya watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Katikati yake ni nchi ya malisho: ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, mbuzi, kondoo na kuku. Mifugo ya mwenyeji na ya mgeni hunywa maji mamoja na kuumwa na kupe wale wale. Ugonjwa ukiingia katika zizi moja, hauulizi kitambulisho cha mwenye zizi la pili.

Ili tuelewane, na tuanze na damu yenyewe. Damu si maji mekundu tu. Ndani ya majimaji yake ya manjano huelea chembe za aina tatu. Chembe nyekundu hubeba hewa safi kutoka mapafuni hadi kila pembe ya mwili. Chembe nyeupe ni askari wa mwili, hupambana na vijidudu. Na chembe sahani, zilizo ndogo kuliko zote, huziba jeraha damu isizidi kumwagika. Katika mtu mzima mwenye afya, tone lenye ukubwa wa milimita moja ya mchemraba lina chembe nyekundu kati ya milioni 4 na milioni 6, chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi, na chembe sahani zisizopungua 150,000. Hesabu hizi zikipanda au zikishuka kupita kiasi, mwili unatoa habari kwamba pana jambo.

Habari hizo zilianza kusomwa zamani, na miongoni mwa wasomaji wa kwanza alikuwamo askari. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyetazama damu ya ng'ombe wagonjwa huko Zululand mwaka 1895, akaona ndani yake vijidudu vinavyojinyonganyonga, ambavyo ndivyo asili ya ugonjwa wa ndorobo. Mwaka 1903 alikuja Entebbe, wakati malale yalipokuwa yakiangamiza watu kwa maelfu kandokando ya Ziwa Viktoria, akasaidia kuthibitisha kwamba vijidudu vya jamii hiyo, vikiletwa na mbung'o, ndivyo viliuavyo watu. Chombo chake kilikuwa hadubini, kipande cha kioo, na subira.

Kwa muda mrefu baada ya Bruce, kazi ya kuhesabu chembe iliendelea kuwa ya jicho na kidole. Mtaalamu alizimua damu, akaitia katika kioo chenye mistari ya miraba, akainamia hadubini, akahesabu chembe mraba baada ya mraba. Kazi hiyo ilichosha, na katika hali ya kawaida watu wawili waliohesabu damu moja walipata majibu yaliyotofautiana. Ikiwa sampuli zilikuwa kumi, asubuhi nzima iliisha. Ikiwa zilikuwa mia tano, utafiti wenyewe haukuwezekana.

Mabadiliko yaliletwa na Mmarekani mmoja, mhandisi Wallace Coulter, aliyefanya kazi zake za mwanzo mjini Chicago pamoja na ndugu yake Joseph. Mwaka 1953 alipewa hataza ya uvumbuzi ambao hadi leo ndio msingi wa mashine nyingi za kuhesabu damu. Wazo lake ni rahisi kama kuhesabu ng'ombe wanaopita katika mlango mwembamba wa josho. Damu huzimuliwa kwa maji ya chumvi, kisha hufyonzwa kupitia katika tundu dogo sana. Mkondo wa umeme hupita katika tundu hilo. Kila chembe inapopita huuzuia umeme kwa kitambo kidogo mno, na mashine huandika: moja. Chembe kubwa huuzuia sana, chembe ndogo huuzuia kidogo. Kwa hiyo mashine hujua idadi, na hujua pia ukubwa. Ili kuzihesabu chembe nyeupe, hutiwa kwanza dawa inayoyeyusha zile nyekundu. Na rangi inayobaki baada ya kuyeyuka hupimwa kwa mwanga, ikajulisha kiasi cha hemoglobini. Kazi yote hiyo kwa sampuli moja huchukua dakika moja hivi, na tone linalohitajiwa ni dogo kabisa.

Sasa tujiulize, hesabu hizo zinamfaa nini mfugaji? Maradhi makubwa ya mifugo yetu ni maradhi ya damu. Ndorobo hupunguza chembe nyekundu polepole, mnyama akakonda huku akiendelea kula. Ndigana baridi huzipunguza kwa haraka zaidi, na ufizi wa ng'ombe ukageuka mweupe, kisha manjano. Ule ugonjwa wa mkojo mwekundu huzipasua chembe ndani ya mishipa, rangi yake ikatokea katika mkojo. Ndigana kali, ambayo ndiyo muuaji mkubwa wa ndama katika Afrika ya Mashariki, hushambulia chembe nyeupe, idadi yake ikaporomoka katika siku za mwisho. Mbuzi na kondoo wenye minyoo mingi ya tumboni hunyonywa damu hadi chembe nyekundu zikaisha. Kwa macho, wanyama wote hawa ni wanyonge waliojitenga na kundi. Kwa hesabu ya damu, kila mmoja huanza kusema jambo lake.

Na katika utafiti faida ni kubwa zaidi, kwa sababu mtafiti hatafuti habari za ng'ombe mmoja bali za kundi zima kwa muda mrefu. Tutoe mfano wa jirani zetu. Kuanzia mwaka 2007, upande wa magharibi wa Kenya, karibu na mpaka wetu wa Busia, watafiti waliwafuata ndama 548 wa wakulima wa kawaida tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka mmoja. Kila baada ya majuma matano walirudi, wakampima kila ndama na kuchukua damu yake. Ndama 88 walikufa kabla ya kutimiza mwaka, na katika vifo vilivyosababishwa na maradhi ya kuambukiza, ndigana kali peke yake iliua yapata 4 katika kila 10. Mashine ya kuhesabu chembe ndiyo iliyowezesha kuona, katika maelfu ya chupa za damu, jambo ambalo wazee wa mifugo walilijua kwa uzoefu lakini hawakuweza kulionyesha kwa tarakimu: kwamba ndama wa kijijini mara nyingi haugui ugonjwa mmoja, bali hubeba vimelea kadhaa kwa pamoja, na damu yake hushuka kwa mzigo wa vyote.

Kadhalika, katika ranchi ya Galana nchini Kenya, katika miaka ya 1980, ng'ombe wa Boran waliotoka kwa Waorma walilinganishwa na Boran wengine katika nchi yenye mbung'o. Wale wa Waorma walionekana kustahimili zaidi, na kipimo kimojawapo kilichoonyesha ustahimilivu huo kilikuwa ni damu yao kutopungua upesi. Hapo hesabu ya damu haikutumika kutibu tu. Ilisaidia kujua mbegu ipi ya ng'ombe inafaa kuendelezwa mahali gani.

Lakini sasa, ndugu wasikilizaji, tumefika penye mtego. Mashine huhesabu, haifikiri. Haijui kama tone lililotiwa ndani yake limetoka kwa sajini, kwa ng'ombe, kwa mbuzi au kwa kuku, isipokuwa ameiambia mtu. Na chembe za viumbe hawa hazilingani hata kidogo. Wataalamu hupima ukubwa wa chembe kwa kipimo kiitwacho femtolita, ambacho ni lita moja iliyogawanywa katika sehemu milioni bilioni. Chembe nyekundu ya binadamu ina femtolita kati ya 80 na 100. Ya mbwa ni kama 60 hadi 77. Ya ng'ombe ni 40 hadi 60. Ya kondoo ni 28 hadi 40. Ya mbuzi ni ndogo kuliko zote hizo, 16 hadi 25 tu, ila mbuzi hufidia udogo huo kwa wingi.

Tuchukue mfano. Mtu wa Nakivale ana mbuzi kumi, na hao ndio ada ya shule na chakula cha watoto wake. Mbuzi mmoja anaumwa. Damu yake inapelekwa kwenye maabara ya watu, ambako mashine imepangwa kwa ajili ya binadamu. Chembe nyekundu za mbuzi zinapopita katika tundu, mashine huziona ni ndogo mno kuwa chembe nyekundu. Nyingi huziacha, na nyingine huziweka katika hesabu ya chembe sahani. Karatasi inatoka ikisema kwamba mbuzi huyu amekwisha damu kabisa, na kwamba chembe sahani zake zimefurika kupita kiasi. Yote mawili ni uongo, ingawa mashine ni nzima na umeme ni mzuri. Ikiwa msomaji wa karatasi ile hana ujuzi, mbuzi mwenye homa ndogo atachinjwa, na pengine wenzake tisa watauzwa kwa bei ya kutupa kwa hofu. Kwa kuku ni vivyo hivyo: chembe zake nyekundu zina kiini ndani yake, tofauti na zetu, kwa hiyo mashine ya watu huzichanganya na chembe nyeupe.

Ndiyo maana maabara za mifugo hutumia mashine zenye mpango wa kila aina ya mnyama, na ndiyo maana jambo la kwanza kuandikwa juu ya chupa ni jina la mnyama, umri wake, mahali alipotoka, na siku na saa ya kutolewa damu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chupa ya damu isiyo na maandishi haina thamani yoyote, hata ikiwa imetoka katika zizi la mgonjwa wa kwanza wa tauni mpya.

Mtego wa pili uko njiani. Damu ikitolewa hutiwa katika chupa yenye kizibo cha zambarau, ambayo ndani yake imo dawa ya kuzuia isigande. Chupa hiyo hapana budi ipinduliwe taratibu mara nane au kumi ili dawa ienee. Isipopinduliwa, damu huganda kidogo, chembe sahani zikanaswa katika mabonge, na tundu la mashine likazibika. Ikitikiswa kwa nguvu, chembe hupasuka. Mnyama aliyefukuzwa uwanja mzima kabla ya kukamatwa hutoa damu yenye hesabu ya hofu na si hesabu ya ugonjwa, kwa maana mwili huzimwaga chembe za akiba katika mishipa. Na damu iliyokwisha tolewa ni kitu kilicho hai: kadiri inavyokaa, chembe huvimba, kisha hufa. Bora ipimwe ndani ya saa sita hadi nane. Ikitunzwa katika baridi ya kadiri yaweza kufikia saa 24. Ikiachwa juani huharibika upesi sana, na ikigusishwa barafu tupu huganda na chembe zote hupasuka. Basi huwekwa katika sanduku la baridi, ikiwa imetengwa na barafu kwa kitambaa au kwa karatasi.

Hapa ndipo penye nafasi yenu, ndugu askari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 nchi yetu imejenga mtandao wa pikipiki zinazochukua sampuli za wagonjwa kutoka zahanati za mbali hadi maabara kubwa. Sampuli za mifugo nazo husafiri, ama kwa gari la daktari wa mifugo, ama kwa pikipiki, ama kwa basi. Mpanda pikipiki anayetoka Nakivale akapita Masha kuelekea Mbarara, akiwa na sanduku lililofungwa nyuma yake, hukutana na kizuizi. Askari ana haki kamili ya kumsimamisha. Sanduku laweza kuficha bangi, risasi au nyama ya magendo, na askari asiyetazama hafanyi kazi yake. Tunalosema ni kwamba kuna namna ya kutazama.

Kwanza, mwulize mchukuzi hati yake, na usome maandishi yaliyo nje ya sanduku. Pili, ikiwa ni lazima lifunguliwe, na lipelekwe kivulini, afungue mchukuzi mwenyewe, na askari atazame bila kugusa. Damu ya mnyama mgonjwa yaweza kumwambukiza mtu, na chupa iliyopasuka mkononi ni hatari kwa askari kabla ya kuwa hasara kwa maabara. Tatu, likikaguliwa na lifungwe upesi, na mchukuzi apewe njia. Saa mbili za kusubiri juani zaweza kuifuta kazi ya siku nzima ya daktari aliyeamka alfajiri kuwakamata ng'ombe. Nne, ikiwa pana shaka ya kweli, apigiwe simu afisa wa mifugo wa wilaya, kwani yeye ndiye anayejua ni sampuli ipi imetoka wapi. Haya hayahitaji fedha wala chombo kipya. Yanahitaji ujuzi na nidhamu, ambavyo jeshi na polisi wanavyo.

Jambo jingine linalowahusu ni karantini. Kila mara ugonjwa wa miguu na midomo unapozuka katika wilaya zetu za mifugo, masoko hufungwa na mwendo wa ng'ombe husimamishwa. Askari ndiye anayesimama mbele ya lori na kumwambia mwenye mali: rudi. Hapana asiyejua uchungu wa neno hilo kwa mtu ambaye ng'ombe wake ndio benki yake. Basi ni vizuri askari ajue, na aweze kumweleza mfugaji kwa lugha ya heshima, kwamba amri ile haikutoka katika hasira ya mtu. Na ajue pia kwamba lori lenye kibali halali cha daktari wa mifugo si adui. Kibali kilichotolewa baada ya uchunguzi ni neno la taaluma, na halipaswi kupimwa upya kwa noti barabarani.

Lakini hapana budi tuseme na upande wa pili. Hesabu ya damu ni dalili, si hukumu. Dalili ya mvua ni mawingu, walakini si kila wingu huleta mvua. Mashine ikionyesha kwamba chembe nyeupe zimeshuka, haijataja jina la ugonjwa. Yaweza kuwa ndigana kali, yaweza kuwa kirusi. Ikionyesha kwamba chembe sahani za mtu zimepungua sana, huenda ni malaria, na huenda ni ile homa ya Kongo na Krimea inayoletwa na kupe, ambayo imekwisha kuthibitishwa humu nchini. Jina la kirusi hutafutwa kwa vipimo vingine, katika maabara kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, ambayo ilianza mwaka 1936 ikiwa ni kituo cha utafiti wa homa ya manjano. Kazi ya mashine ya kuhesabu ni kupiga kengele mapema, ili sampuli ipelekwe Entebbe leo na si juma lijalo. Na mtaalamu mwema, baada ya mashine kusema, bado hupaka tone juu ya kioo na kulitazama kwa hadubini, kama alivyofanya Bruce, kwani mashine huhesabu chembe lakini aghalabu haimwoni mdudu aliye ndani yake.

Turudi sasa kambini, huko Makenke na katika vituo vyote vya polisi. Nako damu ina habari zake. Mbwa wa polisi ni askari mwenzenu. Kupe mmoja aweza kumtia maradhi yanayopunguza chembe sahani, mbwa akaanza kutoka damu puani. Na mbung'o aweza kumtia ndorobo, macho yake yakafifia na nguvu zikamwishia. Mbwa anayeonekana mvivu kazini huenda si mvivu, bali hana damu. Mwongozaji wake asimwadhibu. Ampeleke kwa daktari. Na siku ya kutolewa damu ampumzishe kwanza, asimtoe moja kwa moja katika mazoezi, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja.

Kadhalika nyama. Askari walio safarini hupewa, au hununua, mnyama kwa bei nafuu. Jiulizeni kwa nini bei ni nafuu. Homa ya Bonde la Ufa humwingia mtu anayechinja mnyama mgonjwa au anayeshika mimba iliyotupwa. Kimeta, ambacho mwaka 2004 kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, huacha alama yake katika damu: mzoga hutoka damu nyeusi isiyoganda puani na katika matundu mengine. Mzoga wa namna hiyo usipasuliwe kamwe, hata kwa nia ya kutaka kujua. Kuupasua ni kuwafungulia vijidudu mlango wa ardhi, ambamo huweza kuishi miaka mingi. Linda mahali, zuia watu na mbwa, mwite daktari wa mifugo. Hiyo nayo ni kazi ya ulinzi.

Tumalizie kwa upande wa wakubwa wenye dhamana. Mashine ya kuhesabu damu ikinunuliwa, kazi haijaisha. Ndiyo kwanza imeanza. Huhitaji umeme usiopandapanda na kushuka, dawa zake zisizokwisha muda, na mahali pasipo vumbi. Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza, huhitaji kujaribiwa kwa damu maalumu ambayo hesabu yake inajulikana, ili ionekane kama bado inasema kweli. Askari ataelewa: bunduki isiyorekebishwa shabaha hupiga, lakini haipigi inapoelekezwa. Zaidi ya yote huhitaji fundi aliyefunzwa, anayelipwa, na anayejua kukataa sampuli iliyoharibika badala ya kuandika namba ili tu karatasi ijazwe. Mashine iliyofunikwa kitambaa kwa kukosa chupa ya dawa haimsaidii mtu wa Nakivale wala wa Masha. Afadhali hadubini moja inayofanya kazi kila siku kuliko mashine tatu zilizolala.

Ndugu wasikilizaji, namba inayotoka katika karatasi ya maabara huonekana kama imetoka ndani ya chuma. Ukweli ni kwamba imepita katika mikono mingi: ya mchungaji aliyemshika mnyama bila kumfukuza, ya daktari aliyeandika jina juu ya chupa, ya mpanda pikipiki, ya askari wa kizuizini, na ya fundi aliyeiambia mashine kwamba hii ni damu ya mbuzi. Mkono mmoja ukilegea, mashine itahesabu makosa kwa usahihi mkubwa, na mtu fulani atapoteza mbuzi wake, au atakula nyama ambayo hakupaswa kuila. Hamkuitwa kuwa madaktari wa mifugo. Mnaombwa jambo moja tu: lile sanduku dogo la baridi likifika mbele yenu kesho asubuhi, mlitazame kwa makini, mlitazame kivulini, na mliache liende.